Hodi ya Mzee Muhanga

Paukwa!

Pakawa!

Hodi na ngano yangu!

Karibu ngano, kaa kitako!

Haya, nakaa. Na wewe unayetafuna muhogo huko nyuma, tafuna polepole, watu wasikie.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipangishana mashimo, alikuwako Mzee Muhanga. Kwa kuchimba hakuwa na mpinzani. Shimo lake moja, lenye mlango mwembamba, alimpangisha Nungunungu, mama mjane. Kodi ilikuwa mchwa: Nungunungu akigundua kichuguu kipya, humwonyesha mwenye nyumba. Wakapatana mbele ya majirani kwamba atakaa mpaka mvua za vuli zinyeshe, kisha atahama.

Basi Nungunungu akajifungua pacha. Miiba ya watoto ilikuwa laini kama majani mabichi, na Chui alikuwa akipita pale kila jioni, akinusa. Kilichomzuia ni ule mlango mwembamba tu, na Nungunungu alilijua hilo vizuri.

Siku moja ananyonyesha, mara akaona pua ndefu imeshaingia ndani. Hakuna hodi, hakuna nini.

"Shikamoo, Mzee," akasema.

"Marahaba. Napima mlango. Fisi anataka kuhamia ukiondoka, na mlango huu hapiti. Nitaupanua."

"Si uupanue nikishaondoka? Watoto wangu wachanga, na Chui yuko hapo nje. Tena, Mzee wangu, hukupiga hodi."

"Nipige hodi kwangu mwenyewe?" Muhanga akacheka, akaenda zake.

Siku ya pili akaja tena. Hodi hakupiga. Akaanza kukwangua mlango, udongo ukawamwagikia watoto machoni, wakalia.

"Na udongo huu uuzoe wewe," akasema. "Mpangaji husafisha kabla ya kuhama."

"Uchafu wangu nitaufagia, Mzee. Huu ni wako."

Nungunungu akaugeuzia mlango mgongo, akasimamisha miiba. Muhanga akarudi nyuma haraka, kwa maana pua yake aliipenda.

"Kesho nakuja na Ngiri," akasema. "Tutaona kama miiba yako itayashinda meno yake."

Jioni ile Nungunungu alilia, nisiwafiche. Aliogopa. Ngiri akiutanua mlango, Chui hatakuwa na sababu ya kunusa tu. Lakini mama hulia huku anafikiri. Shimo ni la Muhanga, hilo hakulikataa. Alichojiuliza ni hiki: mgeni akija leo, nani wa kumwitikia?

Asubuhi akawaendea Kanga, wale ndege wa madoadoa wasiojua kunyamaza. Akawaambia, "Wenzangu, leo piteni kwangu, mpige hodi. Yeyote atakayeitika, mwombeni maji na chakula kama wageni."

Muhanga akaja na Ngiri. Ngiri akainamisha meno. Kabla hajagusa udongo, Kanga wakafika.

"Hodi hodi, wenyewe!"

Nungunungu akanyamaza. Muhanga akatanua kifua.

"Karibuni! Mwenye nyumba ndiye mimi."

"Tumekaribia. Tumechoka, baba, tuna kiu na njaa. Tunaomba maji, chakula, na pa kulala."

Na msituni desturi ni moja, hata leo: aliyeitika hodi ndiye anayemlisha mgeni. Muhanga akawatazama Kanga wale, kundi zima na vifaranga vyao. Uchoyo ukamshika.

"Aa, mimi hapa si mwenyeji," akasema. "Sili hapa, silali hapa. Mwombeni Nungunungu. Hii ni nyumba yake mpaka vuli."

Kanga wakatazamana. Wakubwa wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Mmesikia?" Nungunungu akauliza.

"Tumesikia," wakasema Kanga, na wakisikia Kanga, umesikia msitu mzima.

Ngiri akainua meno yake. "Mzee, mimi sibomoi nyumba ya mtu akiwa ndani," akasema, akaondoka. Muhanga akabaki anaangalia makucha yake. Nungunungu akawakaribisha wageni, akawapa maji, akawamegea muhogo aliojiwekea akiba.

Vuli ikanyesha. Miiba ya watoto ikawa imekomaa, inalia chakachaka wakitembea. Nungunungu akafagia ndani, akawatoa watoto, akasimama nao kando ya njia.

Muhanga akaja. Alipofika mlangoni, akasimama.

"Hodi," akasema.

Kimya.

"Hodi," akasema tena, na mara ya tatu, "Hodi." Akageuka, akamwona Nungunungu kule njiani na wanawe wazima wawili.

"Sasa ingia, Mzee wangu," Nungunungu akasema. "Hamna tena wa kukuitikia."

Ndiyo maana tunaambiana: nyumba ni ya aliyeijenga, lakini karibu ni ya anayeishi ndani. Siku za mtu zikiwa hazijaisha, mwache akae kwa amani, na ukifika mlangoni kwake, piga hodi.

Nami niliingia kwenu kwa hodi, natoka kwa kwaheri. Ngano ikiwa tamu, laleni nayo. Ikiwa chungu, iacheni mlangoni, nitaiokota nikipita.