Mkaja wa Hadia

Hapo zamani, na msiniulize zamani gani, maana humu hamna majini wala masultani, ni zamani ya unga wa kulevya na kete zake, palikuwa na binti huko Tanga akiitwa Hadia. Alipata mchumba. Siku ya kuletwa mahari, kilemba kilikwenda kwa baba yake mkubwa bila neno. Ukabaki mkaja, kitambaa anachopewa mama wa bibi harusi kwa kuwa ndiye aliyejifunga tumbo baada ya kumzaa. Kitambaa ni kimoja na hakikatwi. Walioudai walikuwa wawili, na wa tatu alikaa mlangoni kimya.

Hadia alikuwa nyuma ya pazia, akisikia yote. Alikuwa amechoka. Mtu aliyetoka kwenye unga huchoka kwa namna yake, hata furaha humlemea.

Alianza mama yake, Bi Mize. Alisema amemzaa, amemnyonyesha, kisha masufuria yake yakauzwa na huyo huyo Hadia ili apate unga, mpaka jikoni yakabaki mafiga. Ndipo alipofanya jambo ambalo mtaa haujalisahau: alimwekea matanga mtoto aliye hai. Akatandika mikeka, akapika, akapokea rambirambi. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikataa kusoma, lakini majirani walikuja, wakalia, wakala. Hadia mwenyewe alipita akaiona mikeka ya msiba wake.

"Nilimzika ili afufuke," alisema Bi Mize. "Ningemwachia mlango wazi, angeendelea kuniuzia vyombo mpaka afe kweli."

Akajibu Bi Mwanamvua, shangazi wa Hadia, dada wa marehemu baba yake. "Wifi, wewe ulipika chakula cha matanga, mimi nikafua matapishi."

Na kweli, yeye ndiye aliyemwokota. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilipompanda Hadia, akatetemeka, akaharisha, akatukana watu wazima, shangazi alifunga mguu wake na mguu wa mtoto kwa kanga moja ili asitoroke. Lakini siku moja ikamshinda. Akavaa buibui, akaenda mwenyewe kijiweni, akanunua kete. Hakuficha, alilisema mbele ya wakwe.

"Ukamnunulia sumu," alisema Bi Mize, "kisha unataka mkaja."

"Alikuwa ananifia mikononi. Wewe ulikuwa wapi?"

Kete ile ilimrudisha Hadia kijiweni, na huko ndiko alikokuwa yule wa tatu wa mlangoni, Chausiku. Huyu ndiye aliyemwonjesha unga mara ya kwanza, na mtaa mzima unajua. Siku Hadia alipozidiwa, pumzi ikakatika, mateja wenzake walitawanyika kwa kuogopa polisi. Chausiku alimbeba mgongoni mpaka hospitali, akakamatwa pale pale mlangoni. Alipoachiwa akampeleka kwenye kliniki ya methadoni, ile dawa ya kuachia unga unayoinywa mbele ya nesi kila siku ya Mungu. Kila asubuhi alikwenda kumwamsha, wakanywa pamoja. Hadia akainuka. Chausiku akateleza, akarudi kwenye unga, na hata siku ile ya mahari kope zake zilikuwa nzito.

Wanawake walimtaka aondoke, anatia aibu. Akasema polepole, "Mimi kitambaa sikidai. Nilimwingiza, nikamtoa. Ila mimi sina wa kunitoa."

Bibi wa upande wa bwana harusi, naye kachoka kukaa, akasema bibi harusi aitwe, amfunge mkaja mwenyewe yule anayemjua kuwa mama, na wao watamheshimu huyo maisha yao yote.

Hadia akatoka na kitambaa mikononi. Akamtazama mama yake, akaona kwamba akimpita, safari hii ni yeye anayezika mtu hai. Akamtazama shangazi, akaona kovu la kanga kwenye kifundo cha mguu. Akamtazama Chausiku. Huyu akitoka hapa mikono mitupu atarudi kijiweni, na siku pumzi yake ikikatika hakuna mgongo wa kumbeba. Hadia alitamani kuketi chini alale, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amemwokoa, na kila mmoja alikuwa amemuua kidogo.

Basi mimi nimefika hapo, na kitambaa bado kiko mikononi mwa binti wa watu. Mwambieni nyinyi: amfunge nani mkaja?