Makubadhi ya Mguu wa Kushoto

Sogeeni, enyi kusanyiko la waja wa Mola. Aliye mlangoni na aingie, mwenye neno la pembeni na alimeze, na anayesinzia na anawe uso. Nimewajia na hekaya ya kuchekesha, nanyi chekeni, kwa kuwa Mola aliyeumba chozi ndiye aliyeumba kicheko. Lakini mkiisha kucheka, kila mmoja wenu na aitazame miguu yake mwenyewe.

Hapo zamani, katika mji wa Kilunduni, alikuwapo fundi wa makubadhi jina lake Faki Ukuti, fukara ambaye hata panya wa nyumba yake walikwenda kula kwa jirani. Alikuwa na mke, Mwanakheri, mwanamke hodari wa kirumbizi, ule mchezo wa kupigana kwa fimbo huku ngoma ikilia. Tena walikuwa na mlango wa mninga ulionakshiwa maua na babu yake Faki kwa mkono wake. Mke na mlango, basi. Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake yote duniani.

Mtawala wa mji alikuwa Sultani Shangama. Naye alipoona jinsi raia wake wanavyoupenda mchezo wa fimbo, akautwaa ukawa wake. Akaamuru kwamba kila alasiri watu wacheze katika uwanja wa kasri, na ashindaye mara saba apewe kibuyu kilichozibwa kwa nta. Ndani ya kibuyu mna kubadhi moja, ama la kushoto, ama la kulia. Atakayepata jozi atapewa fimbo ya dhahabu. Na mwenye fimbo ya dhahabu ni haramu kupigwa, huhesabiwa ameshinda hata kabla ngoma haijalia. Lakini kibuyu hakifunguliwi ila kwa kisu cha mwenye vibuyu, na kisu hicho hukodishwa na Waziri Mahfudhi. Asiye na fedha atatoa kuku, asiye na kuku atatoa jamvi, na asiye na jamvi atatoa mlango wa nyumba yake. Ama matajiri, hao hawakutoka jasho wala kuvunjwa vidole. Fimbo za dhahabu waliuziwa kwa mlango wa nyuma, wakaja uwanjani wakiwa wamejipaka udi, wakasimama tu, wakashinda.

Basi maskini wakapigana, wakashinda mara saba, wakakodi kisu, wakafungua, wakakuta kubadhi la kushoto. Wakarudi tena, la kushoto. Ukapita mwaka mzima, wala hakuonekana mtu aliyepata la kulia. Ikawa mji mzima unakwenda chopi, mguu wa kushoto umevishwa na wa kulia u wazi, kwa kuwa nani atanunua viatu leo, hali jozi yake inatimia kesho? Na nyumba zikabaki na pazia za makuti mahali pa milango, na mbuzi wakaja wakazila pazia.

Siku moja Faki alirejea kutoka kisimani, akasimama mbele ya nyumba yake asijue abishe wapi.

"Mwanakheri, mlango u wapi?"

"Umekwenda kasrini. Utarudi."

"Utarudi kwa miguu yake?"

"Usinikebehi, mume wangu. Kilichobaki ni kimoja tu. Nimeota."

"Hii ndoto ya ngapi?"

"Ndoto hazihesabiwi," akasema Mwanakheri, na mbele yake yalikuwa makubadhi kumi na mawili ya kushoto, yamepangwa kama waliosimama safu.

Faki naye alikuwa na siri iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Makubadhi yale yote yalitoka katika sindano yake. Mwaka mzima kasri lilimletea ngozi na kibaba cha unga, likamwamuru ashone ya kushoto, naye akashona, akidhani yuko fundi mwenzake mahali fulani ashonaye ya kulia. Hakupata kuuliza. Msimcheke upesi, enyi waja. Ni wangapi kati yetu tulao unga wa mtu bila kuuliza umesagwa na nini?

Ikawa siku ya tatu Waziri Mahfudhi akaja mwenyewe, akainama kuingia pale penye pazia.

"Fundi, Sultani ataka mia tano nyingine."

"Mguu gani, Bwana Waziri?"

"Wa kushoto, kama ada."

"Na ya kulia anayashona nani? Ningependa kumjua ndugu yangu huyo, tulinganishe vipimo."

Waziri akacheka hata kilemba kikamlegea. "Nani aliyekuambia kuna ya kulia?"

Sindano ikamchoma Faki kidoleni, wala hakuhisi. Akatazama nje, akamwona Mwanakheri akirudi kutoka uwanjani, bega limevimba, anachechemea, kwapani amekumbatia kibuyu cha kumi na tatu, na uso wake unameremeta kama wa bibi harusi. Hapo moyo wa Faki ukapasuka kwa haya.

Asubuhi yake akasimama uwanjani, akasema, "Enyi watu wa Kilunduni, nimeshona makubadhi elfu tatu ya kushoto. La kulia sijashona hata moja, wala hakuna aliyeshona. Nisameheni."

Je, walimshukuru? Mwenye kiu ukimwambia kisima ni kikavu, hukupiga wewe kwanza kabla ya kukitazama kisima.

"Huyo ana kijicho," akasema mmoja. "Mkewe ameambulia kumi na matatu ya kushoto, sasa ataka sote tukate tamaa."

"Mwacheni," akasema mwingine. "Ataka tukiondoka sisi, yeye abaki avune peke yake."

Mwanakheri aligeuza uso, akaenda zake, na hilo lilimuuma Faki kuliko maneno yote.

Kabla ya adhuhuri askari wakamchukua, akasimamishwa mbele ya Sultani, na baraza limejaa.

"Wewe ndiwe Faki Ukuti?"

"Ndimi, Maulana, kile kilichosalia."

"Umesema katika vibuyu hamna kubadhi la kulia."

"Nimesema, Maulana, maana fundi ajua alichoshona."

Sultani akatabasamu tabasamu la mtu aliyeshika ufunguo. "Mimi nasema limo. Basi Ijumaa, baada ya sala, uniletee mbele ya watu kubadhi la kulia, limo ndani ya kibuyu, wala usifungue kibuyu hata kimoja. Ukiweza, omba utakalo. Ukishindwa, utavuka mto peke yako, usirudi katika mji huu, na mkeo atabaki hapa. Wala kule uendako hutashika sindano."

"La mguu wa nani, Maulana?"

"La mguu wowote, alimradi ni la kulia."

"Na mimi fukara nitalitafuta kwa kitu gani?"

Baraza likacheka, na Sultani naye akataka kuonekana mkarimu mbele ya watu wake. "Chukua kitu chochote kilicho changu kitakachokufaa. Nimekuruhusu."

"Mashahidi wamesikia," akasema Faki, akainama, akaenda zake.

Nyumbani alimkuta Mwanakheri amekaa mbele ya safu yake ya makubadhi. Akamweleza yote, na kuvuka mto, na siku ya Ijumaa.

"Ulijua tangu lini?" akauliza mke.

"Tangu alipokuja Waziri."

"Na kabla yake?"

"Kabla yake sikuuliza."

Mwanakheri akasema, "Kutouliza nako ni kujua, Faki."

"Kweli."

"Na mimi je, sikuwa na macho? Kumi na matatu ya kushoto, bado naota." Akajifuta uso kwa ukingo wa kanga. "Haya, sema wataka nini. Mto sitakuacha uuvuke."

"Nataka vibuyu vyako, na makubadhi yako. Nta ninayo, hii ninayopakia uzi."

Ijumaa ikafika. Sultani Shangama akaja msikitini na msafara wake, akavua mlangoni makubadhi yake ya uzi wa dhahabu, akaingia, akasali. Alipotoka, jua lilikuwa la utosi, na mawe ya ua yalikuwa yamekunywa moto tangu asubuhi. Akavaa la kushoto. Akapapasa kwa mguu wa kulia, akapapasa tena, hakukuta kitu. Mbele yake palikuwa na vibuyu kumi na vitatu vimezibwa kwa nta, na Faki ameketi kando, na kisu chake cha kukatia ngozi pajani.

"Kubadhi langu li wapi?" akauliza Sultani, naye amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Limo kibuyuni, Maulana. Uliniamuru nikuletee kubadhi la kulia, limo ndani ya kibuyu, nisifungue hata kimoja. Sikufungua, nilifunga tu."

"Umeniibia."

"Uliniruhusu kuchukua kitu chako chochote kitakachonifaa. Nilizunguka kasri lote kwa mawazo, sikuona kingine kinifaacho ila hicho."

Watu waliotoka msikitini wakajaa uani, kila mmoja ameegemea mguu wake wa kushoto. Sultani alipoona anatazamwa, akaona haya kutuma viatu vingine. "Limo katika kipi?"

"Bahati ya mtu haiulizwi. Fungua, Maulana. Ila kanuni ni yako: hafungui ila aliyeshinda mara saba. Kwa kuwa fimbo uliyoshika ni ya dhahabu, tutahesabu umeshinda. Na kisu ni cha mwenye vibuyu, hukodishwa. Vibuyu hivi ni vya mke wangu."

"Wataka nini?"

Mwanakheri akajibu, "Mlango, Maulana. Wengi wetu tumetoa mlango."

Jiwe likamuunguza Sultani, akaruka. "Chukueni mlango wa banda la farasi. Nipe kisu."

Akafungua. Kubadhi la kushoto. Akatoa mlango wa jikoni, akafungua, la kushoto. Akatoa wa hamamu, wa ghala, wa baraza. La kushoto, la kushoto, la kushoto. Ikawa kila akifungua macho yanamtoka zaidi, hata akasahau moto wa mawe. Waziri Mahfudhi akamnong'oneza, "Maulana, twaa viatu vyangu uvivae, twende zetu. Tutalala wazi kama soko."

"Nyamaza, Mahfudhi. Kimebaki kimoja tu," akasema Sultani. "Chukueni mlango wa hazina. Nakiona hiki kizito. Nakijua kuwa ndicho."

Kila aliyesimama uani aliyajua maneno hayo. Alikuwa ameyasema nyumbani kwake mbele ya mkewe, au mumewe, au mamaye. Sultani akakata nta. La kushoto. Akatoa mlango wa chumba chake cha kulala, na wa chumba cha mama yake. Kilipofunguliwa cha nane, na makubadhi manane ya kushoto yamelala mbele yake, mkono wake ukasimama hewani.

"Faki," akasema kwa sauti ndogo, "kweli limo?"

"Maulana, hilo ndilo swali tulilokuwa nalo."

Sultani akainua macho. Akamwona mzee mwenye kubadhi moja lililochakaa. Akaliona bega la Mwanakheri lililovimba. Akaiona miguu ya kulia, mamia, imepasuka nyayo, yote juu ya mawe yale yale yanayomuunguza yeye. Akainamisha kichwa. "Nilikusudia kuyatia ya kulia mwakani," akasema, na jinsi maneno hayo yalivyosikika dhaifu, mwenyewe alisikia.

"Langu limo leo," akasema Faki, "kwa kuwa mimi naona haya kumuuzia mtu asichoweza kukipata." Akachukua kibuyu kilichokuwa karibu kabisa na mguu wa Sultani, akampa Mwanakheri, naye akakipasua kwa pigo moja la fimbo. Kubadhi la uzi wa dhahabu likaanguka juu ya jiwe. Faki akapiga magoti, akamvisha. "Kisu ni bure, Maulana."

Basi Sultani Shangama akacheka. Kwanza kwa aibu, kisha kwa ukweli, hata machozi yakamtoka. Akaamuru milango yote irudishwe kabla jua halijatua, na Waziri Mahfudhi aibebe kwa mgongo wake, mmoja mmoja. Akaamuru fimbo za dhahabu ziyeyushwe, na mchezo urudi kuwa mchezo, ashindaye ashinde kwa mkono wake. Kisha akamwambia Faki, "Niliahidi. Omba."

"Mimi nataka mlango wangu, basi."

"Mlango ni haki yako, hauwi zawadi. Zawadi nakupa mimi: utashona makubadhi elfu tatu ya kulia, kwa ujira kamili."

Faki akahesabu vidole vyake. "Maulana, hiyo ni zawadi au ni adhabu?"

"Kwa fundi aliyekula unga wangu akanyamaza mwaka mzima," akasema Sultani, "ni zote mbili."

Na Mwanakheri akacheka kuliko watu wote.

Mmecheka nanyi, sasa nisikieni. Msidhani vibuyu vimekwisha duniani. Vya zama hizi havina nta. Vinameremeta katika kioo kiganjani, na mtu hukigusa kwa kidole mchana kutwa akisema kimebaki kimoja tu. Ewe uzibaye vibuyu ukajua hamna kitu, mizani imekwisha kuwekwa, nawe utasimama juu ya jiwe la moto huku wote uliowapunja wanakutazama. Rudisha milango ya watu ungali hai. Ewe ushonaye bila kuuliza, uliza leo. Nawe ndugu yangu uliye na kumi na matatu ya kushoto, sikucheki, nakuhurumia, kwa maana nami nimewahi kuchechemea: kiweke chini hicho cha kumi na nne. Inukeni sasa, mrudi majumbani, mkaangalie kama milango yenu ingalipo.