Nusu ya Pembetatu

Keng'! Keng'! Mlio wa kishikio cha ndoo ulisikika nyuma ya nyumba kabla mwenye ndoo hajaonekana. Latifu, fundi rangi kijana wa Kamembe, mkali kama pilipili, akakaza macho. Kila jioni mwenzake wa kazi, Mukengere, alivuka mpaka kurudi Bukavu na ndoo iliyofunikwa kitambaa. Ndani mna nini?

Mbele yao ulisimama ukuta wa nyumba ya Maman Bernadette unaotazama barabara: mstatili chini, pembetatu juu mpaka kwenye paa. Kesho wangekuja wageni wa posa ya binti yake, na rangi ilikuwa imekwisha huku upande wa kulia wa pembetatu ukibaki uchi.

"Nilipima mwenyewe!" Latifu alifoka, majirani wakasogea. "Hesabu yangu haina kasoro. Rangi inatembea kwa miguu ya mtu. Fungua ndoo, mwizi!"

"Mimi njo mwizi, Papa?" Mukengere aliuliza taratibu, kwa Kiswahili cha Bukavu.

"Kama ni yeye," Maman Bernadette alisema, "asikanyage tena kwangu. Na mafundi wote watajua."

Mukengere alivuta kitambaa. Harufu ya samaki ikatangulia.

"Ni sambaza, samaki za batoto. Unataka tuzipake ku ukuta?"

Majirani waliangua kicheko. Latifu hakucheka, shaka ilikuwa imemganda kama kupe. "Basi umeiuza! Napima tena, muone!"

Alipanda ngazi. Kamba aliyoitundika kutoka kileleni mwa paa, na jiwe mwishoni, bado ilining'inia katikati ya ukuta. Rangi ilikuwa imekomea kwenye kamba ileile, kana kwamba imekatwa kwa kisu.

Kitako mara kimo, gawa kwa mbili. Lakini kitako kipi? Alikuwa amepima kutoka kwenye kamba hadi pembeni, yaani nusu tu ya kitako. Kisha, kwa mazoea ya darasani, akagawa tena kwa mbili. Alikuwa amenunua rangi ya nusu ya pembetatu.

Keng'! Keng'! Mukengere alikuwa anaondoka, bila kuaga.

Latifu aliruka chini, akamkimbilia na kumshika mkono mbele ya watu.

"Papa Mukengere, mwizi wa rangi ni hesabu yangu. Hawa wote walionisikia nikikuita mwizi, nakuahidi, nitawafuata mlango kwa mlango niwaambie: umdhaniaye ndiye, kumbe siye."