Theluji ya Kifuani

Mangi Kisaro, mtawala wa eneo lile, alitaka maji yote ya mfereji yaingie kwenye migomba yake. Akamwita barazani Ndekusara, mjane aliyelima ulezi ng'ambo ya kijito.

"Mama, theluji ya mlimani inapungua. Mwaka jana ilimfika askari wangu Lyakurwa kiunoni. Namtuma tena akapime. Ikiwa chini ya kiuno, mfereji wako naufunga."

"Na ikizidi?"

Mangi alicheka hadi kofia ikamdondoka. "Ikizidi, maji ni yako mpaka uvune, na shamba nitakupalilia mwenyewe!"

"Baraza mmesikia," alisema Ndekusara. Akamfungashia Lyakurwa ndizi za kuchoma, akamsindikiza hadi njia ya mlimani wakizungumza.

Siku ya sita Lyakurwa alirudi, midomo imepasuka kwa baridi.

"Imefika wapi?" aliuliza Mangi.

"Kifuani."

"Kifua cha nani?"

"Changu, Mangi. Naapa kwa mama yangu, hata ndevu ziliganda."

Baraza zima likashangilia. Ndekusara akamkabidhi Mangi jembe.

Siku ya tatu ya palizi, mgongo ukimuuma, Mangi alimwambia Lyakurwa, "Hebu nionyeshe ulivyosimama kule."

"Kusimama? Mwaka jana ndipo niliposimama, nikakosa adabu. Safari hii Mama Ndekusara alinikumbusha kwamba kazi ya Mangi hufanywa kwa kupiga magoti."

Mangi akageuka polepole. Ndekusara alikuwa kivulini, anamenya ndizi.

"Kama Mangi hataki heshima," alisema, "mwakani Lyakurwa apime amesimama. Hapo nyuma umeruka gugu."