Uchuro wa Milembe

Mtu mmoja alikuwa na watoto wawili na mtambo mmoja wa simu. Kazi yake ilikuwa kupeleka mitungi ya oksijeni kwenye zahanati za mbali, na mtambo ule ndio uliokuwa mlango wa kazi yote. Muuguzi alipiga namba moja tu, mtambo wenyewe ukajua simu iende kwa dereva gani. Baba alipofariki, Nkwabi, mwanawe wa kwanza, akashika ofisi. Milembe, binti yake, akashika simu.

Nkwabi hakuwa mpumbavu. Alinunua mtambo wa pili, wa akiba, ili wa kwanza ukifa kazi isife. Kisha akaufanya kama tunavyofanya sahani za wageni. Aliuweka kwenye kabati la kioo, ubavuni mwa ule mkubwa, akaufunika kitambaa cha kufuma. Kila mgeni alionyeshwa. Hakuna aliyewahi kuuwasha.

Siku moja, mchana kweupe, Milembe aliuwasha wa akiba, akachomoa waya wa mkubwa, akapiga namba ya kazi. Wa akiba uliitikia vizuri, ukaipeleka simu kwa dereva aliyekwisha kufariki. Aliyepokea ni mjane wake. Milembe aliomba radhi, akakata simu.

Akaubeba mtambo ule hadi ghala la mitungi, ng'ambo ya soko, akaupa betri yake na laini yake, ili namba ile ile ihamie huko mkubwa ukizimika. Tangu hapo, kila Alhamisi saa sita, aliwaarifu wauguzi na kuwaachia namba yake ya mkononi. Aliutia mtambo wa akiba majina mapya ya madereva, akachomoa waya wa mkubwa, akangoja kuona kama ghalani kutaita. Kuna Alhamisi hakukuita. Basi alitafuta kosa mpaka akalipata, huku wateja wakinung'unika na madereva wakimcheka.

Nkwabi alichukia, akaita kikao cha ukoo. Shangazi zao walisema mtu hanunui sanda angali mzima. Wahenga walituachia hadhari kabla ya athari, nasi tumeifanya maneno ya kupamba kanga.

"Unatuchuria, Milembe," Nkwabi alisema. "Unaizika kazi ya baba ingali hai. Ukiuchomoa tena, utatoka kazini."

Milembe aliipenda kazi ile kuliko kitu chochote alichoachiwa na baba yake. Alisimama kwa heshima zote, lakini kichwa hakukiinamisha.

"Kaka, mtambo ule utazimika siku moja, nikiuchomoa nisipouchomoa. Nitauzima mimi, nikiwa macho, kabla haujazimwa na kisichoomba ruhusa."

Alhamisi iliyofuata, saa sita, aliuchomoa. Nkwabi akaanza kumtafuta mtu wa kumrithi kiti.

Kabla hajampata, masika yakaingia. Radi ilipiga nguzo ya umeme iliyo mlangoni pa ofisi, na mtambo mkubwa ukaungua pamoja na kabati la kioo na kitambaa chake. Nkwabi alikatiza soko mbio kwenye mvua, kiatu mguu mmoja, analia, aende kumwambia mdogo wake kwamba kazi ya baba imekwisha.

Alimkuta ghalani na simu sikioni. Muuguzi wa zahanati ya mbali alikuwa akiomba mtungi. Kuna mtoto amezaliwa asubuhi ile na pumzi haimtoshi. Milembe alimwinulia kaka yake kiganja, anyamaze, amsikie mwenye shida. Dereva akaondoka. Mtoto yule yu hai, na muuguzi hadi leo hajui kwamba siku ile kuna kitu kiliungua.

Mtambo mpya ulipofika, shangazi zao walimsihi Milembe apumzike sasa, balaa limekwisha pita. Aliwasikiliza, akawaandalia chai. Alhamisi, saa sita, aliuchomoa. Safari hii Nkwabi alikuwa ghalani, ameketi kando ya simu, akingoja iite.

Nanyi mnaosema mnayo akiba ya imani, na ndugu wa siku ya dhiki, mliijaribu lini?