Dalali wa Ngamia na Kiapo cha Amiri

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa kila jambo, kwamba palikuwa na dalali wa ngamia katika mji mmoja wa pembezoni mwa jangwa, jina lake Sabiti bin Ghanimu. Alikuwa mcha Mungu, akifunga Jumatatu na Alhamisi, na sifa yake sokoni ni kwamba hakupata kuficha ila ya mnyama yeyote aliyemuuza. Sifa yake nyingine, ambayo wasimulizi wengi huiruka kwa adabu, ni kwamba alikuwa mwoga. Radi ikipiga, alipatwa na kwikwi. Mimi siiruki, kwa sababu bila woga ule kisa hiki hakina faida kwetu.

Ikatokea kwamba Amiri Jabala, mtu ambaye kutajwa kwake tu kuliwanyamazisha watoto, alifika na jeshi lake akapiga kambi mbele ya lango la mji. Akatuma neno kwamba anataka vijana ishirini wa kumbebea mizigo kuvuka jangwa. Wasipotoka kwa hiari kabla ya Ijumaa, angeingia kuwachukua kwa upanga. Na kila mtu alijua kwamba wabeba mizigo wa Amiri Jabala huenda lakini hawarudi.

Watu wa mji wakamtuma khatibu wao, Mungu amrehemu, ambaye ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko kanzu yake. Khatibu akasimama katikati ya askari mia tatu akamhutubia Amiri juu ya dhulma, akamtajia Firauni, akamtajia na Moto. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Lakini askari walikuwa wakimtazama bwana wao waone atafanya nini, na mtu anayetazamwa na askari wake huona taabu kurudi nyuma. Amiri akainuka, akaapa kwa sauti iliyosikika hadi juu ya ukuta: "Wallahi siondoki hapa mpaka vijana arobaini wa mji huu wawe wamenitumikia!" Khatibu akarudi kichwa wazi, kilemba kimebaki kambini, na ishirini wamekuwa arobaini.

Kura ikapigwa. Miongoni mwa majina arobaini likatoka la Haritha, mtoto pekee wa Sabiti. Siku ya Alhamisi, baada ya adhuhuri, wazee wakamwendea Sabiti nyumbani kwake wakamwambia, "Wewe ndiye ujuaye kupatana na watu. Huna budi kwenda." Akakaa chini palepale. Mkewe, Bi Atika, akamletea maji ya kutawadha, naye akamwaga nusu yake mapajani.

"Mama Haritha," akasema wazee walipotoka, "mimi naogopa."

"Najua, baba Haritha. Hata mimi naogopa. Nenda na hofu yako, hukukatazwa. Ulichokatazwa ni kusema uongo kwa ajili yake."

Akaswali rakaa mbili, akatoka langoni peke yake. Alikuwa akisoma dua akiisahau katikati, akianza tena, akiisahau tena. Askari walikuwa wakinoa panga zao, na hakuna aliyeacha kunoa alipopita. Lakini jicho la mtu wa soko halitulii hata roho ikiwa mkononi. Akaona ngamia wa jeshi wamelala, shingo zimenyooshwa chini, ngozi zimenyonyoka manyoya na kuvimba. Akawatazama kumi, akawatazama ishirini. Wote walikuwa na upele, ule ugonjwa unaomla ngamia ngozi hata asiweze kuwekewa mzigo. Hapo akaelewa ni kwa nini Amiri anataka watu wa kubeba.

Alipofikishwa mbele ya Amiri hakuhutubu. Alitoa salamu tu. Kisha akasema, "Amiri, wanyama wako wamelala hivi tangu lini?"

Amiri akamkodolea macho. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza swali kwa muda mrefu. "Siku tisa," akasema. "Yakuhusu nini?"

"Mimi ni dalali wa ngamia, bwana wangu. Amiri ameapa, nami sikuja kumvunjia kiapo chake. Amesema vijana arobaini wamtumikie, na watamtumikia. Lakini wakibeba mizigo jangwani watakufa njiani, na mizigo itabaki mchangani. Mji wetu una katrani, ile lami nyeusi ya miti, na kila kijana wetu anajua kumpaka ngamia mwenye upele. Waache wakutumikie hapa kwa kuwatibu wanyama wako, kisha warudi kwa mama zao."

Askari wakanong'onezana. Amiri akauma mdomo. Sabiti akaliona hilo, akavua shuka lake la begani. "Kilichobaki ni hesabu ya siku," akasema, "na hilo, kwa idhini yako, tulizungumze kisokoni."

Katika nchi zile ilikuwa desturi ya wauza ngamia kupatana kwa vidole chini ya nguo, ili walio pembeni wasijue nani kapanda na nani kashuka. Kidole kimoja kikibanwa ni moja. Kiganja kikikwaruzwa kwanza, kila kidole ni kumi. Amiri alikuwa mtoto wa wafugaji. Akaingiza mkono chini ya shuka.

Akamshika Sabiti vidole vyote vitano: siku tano. Kisha akasogeza uso karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Na ngamia wasipoinuka siku tutakayoafikiana, nitaanza na shingo yako, kisha hao arobaini."

Ndugu zangu, hapa ndipo pagumu. Sabiti alijua kwamba upele hauponi kwa siku tano. Lakini aliujua pia uzito wa mkono ule. Angekubali tano, angerudi kwa mkewe jioni ile, mji ungembeba mabegani, na huko mbele Mungu angejua. Shetani ana milango mingi, lakini ule wa kumridhisha mwenye nguvu kwa leo tu ndio aliopaka mafuta bawaba zake. Jasho likamshuka Sabiti machoni. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka hata shuka likatikisika, na askari wa mbele wakacheka.

Akakwaruza kiganja cha Amiri, akambana vidole viwili: siku ishirini.

Amiri akambana vitano tena, kwa nguvu, hata mifupa ikalia. Sabiti akabana viwili. Amiri akashikilia bila kuachia. Sabiti alitamani kusema neno lolote, kuomba, kueleza, kuapa, lakini alijua kutoka sokoni kwamba anayeogopa kimya cha mapatano hukivunja kwa kukubali bei mbaya. Akanyamaza na maumivu yake, akimtaja Mola wake moyoni.

Mwisho Amiri akatoa mkono. Akasimama akawaambia askari wake, "Nilitaka arobaini, na arobaini nimewapata! Watawatibu ngamia wangu hapa hapa mpaka nitakaposema basi." Hakuna aliyejua nani alikuwa ameshuka.

Vijana wakatoka na katrani yao. Siku ya tano hakuna ngamia aliyeinuka, na Bi Atika alikaa juu ya ukuta kutwa nzima bila kula. Siku ya kumi na mbili wakainuka wachache. Siku ya kumi na tisa vijana waliwatwika mizigo kuwajaribu, na ya ishirini jeshi likafungasha. Haritha na wenzake wote wakarudi mjini, weusi kwa lami, wazima.

Kabla ya kuondoka Amiri akamwita Sabiti, naye akaja akitetemeka kama mara ya kwanza.

"Kuna jambo nataka ulijue," Amiri akamwambia. "Watu huja kwangu wakitetemeka kila siku, na kila mmoja hunipa ninachokitaka kukisikia. Wewe ulitetemeka kuliko wote, kisha ukaninyima. Nikasema moyoni, mtu huyu yuko Mwingine anayemwogopa zaidi yangu. Ndiyo maana niliiamini ishirini yako."

Basi tuangalie, ndugu zangu, sisi ambao kwa kumwogopa bosi husema "itakuwa tayari kesho" tukijua si kesho, na ambao hatuuzi hata kuku bila wallahi tatu. Hofu haimtoi mtu katika wema. Sabiti aliuliza kabla ya kudai, akamwachia mwenzake heshima yake mbele za watu, akasema kweli mkono ukimtetemeka. Mwenyezi Mungu atujaalie tumwogope Yeye kwanza, kisha tutakaowaogopa baada yake wasitutoe ulimini neno lisilo kweli. Amin.