Macho Yaliyomkataa Zimwi

Tegeni masikio, niwape kisa. Bishaka alichonga kikaragosi, akakitia gololi mbili ziwe macho, zikawa zinageuka ukivuta uzi mgongoni. Zimwi likampora, likakipakata mbele ya watu na kukitolea sauti bila kufumbua mdomo wake, kana kwamba kikaragosi ndicho kinachosema: "Nimechongwa na Zimwi."

Bishaka akapandwa na hasira, akajipenyeza hadi mbele.

"Nani alikupa macho?"

"Zimwi," kikajibu, lakini macho yakamgeukia Bishaka.

Akauliza tena. "Zimwi." Macho yakazidi kumwangalia.

Alipouliza mara ya tatu, Zimwi likavuta uzi ili kuyageuza, hadi ukakatika. Macho hayakubanduka kwa Bishaka.

"Umeniibia jasho langu," Bishaka akasema, "na bado unalilazimisha likusifu?"

Watu wakainuka wote. Zimwi likakiangusha kikaragosi, likatimua mbio, na Bishaka akakibeba kama mwanawe.